Ya Kale Dhahabu au Kipya Kinyemi? Ugomvi wa Mashabiki wa Star Wars Usioisha

Filamu ya Star Wars ya Desemba 2015 iliwaacha watu roho juu. Binti anaitwa Rey anapanda ngazi za mawe kwenye kisiwa, anamkuta mzee kasimama peke yake, anamnyooshea upanga wa mwanga. Mzee huyo ni Luke Skywalker, stelingi wa filamu ya kwanza kabisa ya 1977, aliyekuwa kapotea miaka kibao. Upanga wenyewe uliwahi kuwa wa baba yake. Wanaangaliana, hakuna anayesema neno, muziki unapanda, filamu inaisha. Mashabiki wakakaa miaka miwili wakijiuliza mzee atafanya nini.

Desemba 2017 wakapata jibu. Luke aliupokea upanga, akauangalia kidogo, kisha akautupa nyuma ya bega kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Akaondoka zake.

Wapo waliocheka kwa nguvu. Wapo waliohisi wamezabwa kibao mbele za watu. Hao wawili wangeweza kuwa wamekaa viti vya jirani, ukumbi mmoja, tiketi bei moja. Tangu siku ile hawajawahi kuelewana, na mapovu yaliyotoka si ya kitoto.

Swali lao ni jepesi kulitaja, gumu kulijibu. Filamu ambayo watu wameipenda tangu utotoni ifanyweje ikitolewa nyingine? Iwape kile kile walichokipenda, au ithubutu kwenda pengine hata kama watachukia? Waswahili wana methali mbili zinazopingana kuhusu jambo hilo hilo. Moja inasema ya kale ni dhahabu. Nyingine inasema kipya kinyemi kingawa kidonda. Ukitaka kujua nani ana haki, inabidi urudi mwanzo kabisa.

KAMARI ILIYOJAA KUMBUKUMBU

George Lucas alizaliwa 1944 huko California. Utotoni alipenda sana Flash Gordon, zile filamu za mfululizo za miaka ya 1930 zilizokuja kurudiwa kwenye televisheni, ambapo kila kipande kinaishia stelingi yuko hatarini. Alipokuwa mwongozaji alitaka kutengeneza Flash Gordon yake. Haki akazikosa. Basi akaamua kuandika ya kwake.

Alichokiandika kilikuwa mkusanyiko wa vitu vya zamani. Yale maandishi yanayopanda kwenda juu mwanzoni mwa filamu aliyatoa kwenye hizo filamu za mfululizo. Wale roboti wawili wanaobishana njia nzima wametokana na wakulima wawili kwenye The Hidden Fortress, filamu ya Mjapani Akira Kurosawa ya mwaka 1958. Mapigano ya vyombo vya anga yalipangwa kwa kuangalia picha za ndege za Vita ya Pili ya Dunia. Baa iliyojaa wahuni imetoka kwenye filamu za makauboi. Kwa kifupi, Star Wars ilizaliwa na mtu mwenye hamu ya vitu vya utoto wake.

Lakini ilikuwa pia kamari ya ajabu. Universal na United Artists waliikataa. 20th Century Fox wakaichukua, ila Fox hawakuwa tena na kitengo cha picha za ujanja, kwa hiyo mwaka 1975 Lucas akalazimika kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Industrial Light & Magic, iliyojaa vijana waliokuwa wanabuni mitambo huku kazi inaendelea. Mwaka 1976 walipokwenda jangwani Tunisia kupiga picha, dhoruba ikaharibu seti. Waigizaji wakuu watatu hawakuwa majina makubwa. Na vyombo vya anga vilionekana vichafu, vimechubuka, kama daladala iliyochoka, wakati watu walizoea kuona anga za mbele zikimeta.

Filamu ilitoka tarehe 25 Mei 1977 kwenye kumbi zisizofika 50 Marekani nzima. Iligharimu kama dola milioni 11. Kilichofuata kinajulikana. Foleni zilizunguka mitaa, na kampuni ya midoli ya Kenner ilizidiwa hadi Krismasi ya mwaka ule ikauza boksi lenye karatasi tu, ahadi kwamba midoli itakuja baadaye. Wazazi walinunua karatasi. Watoto wakaipokea karatasi na kusubiri.

Hapo ndipo ugomvi wa leo ulipopandwa. Mtoto aliyeletewa ile karatasi alijiona sehemu ya hadithi, na akakua akiamini kuna kitu chake mle ndani.

HATA ILE INAYOPENDWA ILIPINGWA

Siku hizi ukiuliza mashabiki filamu ipi ni bora, wengi watakutajia The Empire Strikes Back ya 1980. Wengi hawajui kwamba ilipotoka haikupokelewa kwa sauti moja. Wapo wahakiki waliosema haina mwanzo wala mwisho. Wapo watazamaji waliokereka kwamba stelingi anakatwa mkono, rafiki yake anagandishwa na kupelekwa kwa adui, na filamu inaisha hivyo hivyo bila ushindi.

Halafu kuna lile la Darth Vader kumwambia Luke kwamba yeye ndiye baba yake. Leo ni tukio maarufu kuliko yote. Mwaka 1980 lilikuwa bomu. Filamu ya kwanza ilisema Vader ndiye aliyemuua baba yake Luke. Sasa hadithi inajigeuka yenyewe! James Earl Jones, aliyetoa sauti ya Vader, alikuja kueleza kwamba aliposoma maneno yale alidhani Vader anadanganya. Watu walibishana miaka mitatu mpaka Return of the Jedi ilipotoka 1983 na kuthibitisha.

Na Lucas hakuwa anacheza na hela za mtu. Filamu ile aliigharamia mwenyewe kwa fedha zake na mikopo ya benki. Ingebuma, angeumia yeye. Kwa hiyo tukio ambalo leo linatetewa kama urithi mtakatifu lilianza kama thubutu iliyovuruga yale watu waliyoyajua kwenye filamu ya kwanza.

MZEE ALIPOCHOKOZA KUMBUKUMBU ZA WATU

Mwaka 1988 Lucas alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga watu wenye haki za filamu za zamani kuzibadilisha, mfano kuzipaka rangi zile za nyeusi na nyeupe. Alitetea kwamba kazi za sanaa ni sehemu ya historia ya taifa na hazifai kuchezewa.

Miaka tisa baadaye, 1997, alizirudisha filamu zake tatu kwenye kumbi zikiwa zimebadilishwa. Aliongeza viumbe vya kompyuta, akabadili miziki kadhaa, na akagusa tukio moja dogo ambalo mpaka leo linatoa watu jasho. Mwaka 1977, Han Solo akiwa baa alimpiga risasi Greedo, mwindaji aliyetumwa kumkamata, bila kusubiri. Kwenye toleo jipya, Greedo anaanza kufyatua, anakosa, ndipo Han anajibu. Watu wakachapisha fulana kutetea kwamba Han ndiye aliyefyatua kwanza.

Mtu wa nje anaweza kucheka. Sekunde mbili tu! Ila kwa mashabiki hoja ilikuwa nzito. Han alianza kama mhuni asiyejali mtu, mwishoni akarudi kuwasaidia wenzake. Ukimsafisha mwanzoni, safari yake inapungua. Hapa mashabiki walikuwa wanatetea cha zamani, na walikuwa na hoja.

Kisha ikaja 1999. Novemba 1998 watu walilipa kuingia kwenye filamu nyingine, Meet Joe Black, waangalie trela ya The Phantom Menace halafu watoke. Wengine walipiga kambi nje ya kumbi kwa wiki nzima nzima. Walichokuja kukiona hakikuwa walichokisubiri. Lucas hakurudia yale ya zamani. Aliwapa mijadala ya kodi na baraza la wawakilishi, mtoto wa miaka tisa, na kiumbe mwenye masikio marefu anayeitwa Jar Jar Binks.

Hasira ikawa kubwa, na ikatua kwa watu wenye mwili na damu. Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar, alikuja kusema hadharani mwaka 2018 kwamba matusi ya wakati ule yalimfikisha karibu na kujitoa uhai. Jake Lloyd, yule mtoto, aliacha uigizaji. Alikuwa bado mtoto wa shule.

HESABU YA UMRI

Sasa chukua kalamu. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1977 alikuwa na 30 mwaka 1999. Alikwenda ukumbini akiwa na kazi, pengine na watoto, akitaka kujisikia kama ana miaka 8 tena. Hakuna filamu inayoweza kazi hiyo.

Lakini pembeni yake alikaa mtoto wa miaka 8 wa mwaka ule wa 1999. Huyo hakuwa na cha kulinganisha. Aliona mashindano ya magari ya anga, akaona Darth Maul na upanga wake wa pande mbili, akatoka nje akiruka ruka. Kwake ile ndiyo ilikuwa Star Wars. Ilipofika 2017 huyo mtoto alikuwa na miaka 26, ana simu, ana intaneti, na anazitetea filamu za 1999, 2002 na 2005 kwa nguvu zile zile baba yake alizozitumia kuziponda.

Ndiyo maana Hayden Christensen, aliyechekwa kwa uigizaji wake wa Anakin, aliporudi 2022 kwenye Obi-Wan Kenobi alipokelewa kwa shangwe. Na Ahmed Best aliporudi 2023 kwenye The Mandalorian, safari hii akiwa Jedi anayemwokoa mtoto, watu waliokulia filamu zake walifurahi mno. Filamu za 1999 hazikubadilika. Waliobadilika ni watazamaji, na sasa ni zamu yao kuita cha kwao dhahabu.

DOLA BILIONI 4 NA WOGA WAKE

Oktoba 2012 Disney walitangaza kuinunua Lucasfilm kwa dola bilioni 4 na ushee. Lucas alikuwa na mawazo yake ya filamu zinazofuata. Hayakufuatwa.

Ukiwa umetoa mzigo kama huo, lazima uwe mwangalifu. The Force Awakens ya J.J. Abrams ilikuwa ya uangalifu kupita kiasi. Kuna kijana wa jangwani asiye na wazazi, roboti mdogo aliyebeba siri, mzee anayefundisha na kuuawa, na silaha ya kulipua sayari iliyo kubwa kuliko ile ya 1977. Ilikuwa na mapya pia. Stelingi ni msichana. Finn ni askari wa adui aliyetoroka jeshi, kaigizwa na John Boyega wa London, mzaliwa wa familia ya Kinigeria. Na Mkenya Lupita Nyong'o alimpa uhai Maz Kanata, kile kibibi cha zaidi ya miaka elfu, ingawa sura yake haionekani kwa sababu mhusika ni wa kompyuta.

Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2. Wengi walilia machozi ya furaha. Wengine wakalalamika kwamba ni nakala. Bob Iger, aliyekuwa bosi wa Disney, aliandika baadaye kwenye kitabu chake kwamba Lucas mwenyewe hakuifurahia kwa kuwa hakuona jipya.

Ndipo Rian Johnson akakabidhiwa inayofuata, The Last Jedi. Huyo alithubutu. Luke ni mzee aliyekata tamaa. Wazazi wa Rey si watu maarufu, ni walevi waliomuuza. Adui mkuu, Snoke, anauawa katikati ya filamu kabla hajaelezwa katoka wapi. Na filamu inafunga kwa mtoto wa zizini, asiye na jina kubwa, anayeuvuta ufagio bila kuugusa.

Waliochukia walikuwa na hoja ya maana. Luke wa 1983 alikataa kumuua Vader, mtu muovu kuliko wote, kwa sababu aliona wema ndani yake. Iweje huyo huyo amwinulie upanga mpwa wake aliyelala? Mark Hamill mwenyewe alisema hadharani kwamba hakukubaliana na Luke yule, ingawa baadaye alijutia kuyatoa nje mambo yale.

Waliopenda nao walikuwa na hoja ya maana. Luke alipitiwa na woga wa sekunde moja, akajuta maisha yake yote, na mwishoni akawaokoa wenzake bila kuua hata mtu mmoja. Hilo si ndilo alilolifanya 1983? Zaidi ya hapo, kusema kwamba binti wa walevi anaweza kuwa Jedi ni kufungua mlango kwa kila mtoto asiye na ukoo.

Wahakiki waliipa alama za asilimia 90 hivi kwenye Rotten Tomatoes, huku alama za watazamaji zikiwa chini ya 50. Ila watazamaji waliohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa A. Wengine wakakusanya saini mtandaoni filamu ifutwe kwenye historia rasmi ya Star Wars.

Na kama 1999, hasira ikatafuta mtu. Safari hii ilikuwa Kelly Marie Tran, aliyemwigiza Rose, dada wa Kimarekani mwenye asili ya Vietnam. Mwaka 2018 alifuta picha zake zote Instagram baada ya matusi ya rangi na ya jinsia, kisha akaandika makala kwenye New York Times akieleza jinsi maneno yale yalivyomfanya aanze kuyaamini. Aliyeandika hadithi ni Johnson. Aliyelipishwa ni muigizaji.

WALIPOTAKA KUMRIDHISHA KILA MTU

Mei 2018 ilitoka Solo, hadithi ya ujana wa Han, imejaa vitu vya zamani tupu. Haikufika dola milioni 400 wakati iligharimu zaidi ya milioni 250, na hiyo ni kabla ya matangazo. Ikawa ya kwanza kwenye historia ya Star Wars kula hasara. Kumbe hamu ya zamani peke yake haiuzi.

Desemba 2019 Abrams akarudi na The Rise of Skywalker. Palpatine, aliyetupwa shimoni 1983, karudi, na maelezo ya alivyorudi ni kiduchu. Rey si binti wa walevi tena, ni mjukuu wa Palpatine. Rose haonekani sana. Rey anapotupa upanga, mzimu wa Luke unaudaka na kumwambia silaha ya Jedi inastahili heshima. Kila mtu ukumbini alijua anaambiwa nani.

Matokeo? Ilipita dola bilioni 1, lakini ilikuwa ndogo kuliko zile mbili zilizotangulia. Wahakiki waliigawa nusu kwa nusu. Waliohojiwa mlangoni waliipa B+, chini ya ile A ya filamu waliyoambiwa imechukiwa. Kosa lilikuwa kudhani waliolalamika 2015 kwamba filamu inafanana mno, na waliolalamika 2017 kwamba haifanani, ni watu wale wale wanaongea kwa sauti moja. Yalikuwa makundi mawili. Ukimpoza mmoja unamchoma mwingine.

Mwaka 2022 ikaja Andor, mfululizo usio na Jedi hata mmoja wala upanga wa mwanga, unaohusu watu wa kawaida wanavyogeuka kuwa waasi. Ulianza polepole, na msimu wa pili wa 2025 ukafunga kwa sifa kubwa. Ukiangalia vizuri, hauko mbali na kumbukumbu. Umejengwa juu ya Rogue One ya 2016, nayo imejengwa juu ya sentensi chache za yale maandishi yanayopanda ya 1977, yanayosema waasi wameiba ramani. Walichukua kitu cha zamani wakakipeleka mahali ambapo hakijawahi kufika.

Ndicho Lucas alichokifanya na Flash Gordon. Ndicho alichokifanya 1980 na Vader. Mwaka 2019 walichukua cha zamani wakakirudisha pale pale kilipotoka. Kwa hiyo wanaosema ya kale dhahabu wana haki, mradi wakumbuke dhahabu ile ilikuwa kipya kinyemi siku moja, tena yenye kidonda. Na wanaotaka mapya tu wakumbuke mtoto wa 1977 aliyepewa karatasi akasubiri. Hakuwa mjinga. Alikuwa kapenda.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili bado zinadaiwa. Filamu zilizochukiwa zimekuja kusamehewa, moja baada ya nyingine, na hata hizi za juzi zitapata watetezi wake watoto wa 2017 wakikua. Ahmed Best alisubiri zaidi ya miaka 20 kusikia makofi. Kelly Marie Tran asingoje muda huo wote.

Haya wadau, wewe uko upande gani: upanga udakwe au utupwe? Tupia maoni yako hapo chini, ila waigizaji tuwaache salama.